Nani Anaunguza Plagi za Malori?

“Amekula plagi arobaini na tatu,” alisema Bosi, akigonga meza kwa kidole. “Wiki sita tu. Mtu mmoja!”

Bi Kwanini aliandika namba hiyo kwenye daftari lake dogo, akaipigia mstari. “Amezila kwa mdomo?”

“Ni namna ya kusema tu, mama.”

“Mimi naandika yaliyotokea. Plagi arobaini na tatu zimekufa. Nani kaziua bado hatujui.”

“Wewe ndiye hujui. Mimi najua.” Bosi alivuta droo, akatoa bahasha nyeupe, akaiweka mezani kwa mikono miwili. “Barua ya kumwachisha kazi Fundi Mkuu. Nimeshaipiga mhuri. Kesho saa nne kamili asubuhi namkabidhi, na nakala inakwenda polisi. Wewe nimekuita uniletee ushahidi wa kuambatanisha, basi.”

“Kwa nini usimpe leo?”

Bosi alitazama mlango, kisha akashusha sauti. “Ni mume wa dada yangu.”

“Ahaa.”

“Dada yangu mkubwa, aliyenilea. Nikienda kwake mikono mitupu, mimi ndiye nitakayehitaji polisi.”

Jina la Bi Kwanini halikutoka kwa wazazi wake. Alipewa na wezi na matapeli aliowahoji kwa miaka ishirini na sita akiwa askari wa upelelezi, maana kila aliyekaa mbele yake alianza kuulizwa kwa nini, na akaondoka bado anaulizwa hivyo hivyo. Alipostaafu alirudisha sare, pingu na filimbi. Jina walikataa kulipokea. Kuhusu injini alijua mahali pa kutia mafuta, na hata hapo aliwahi kukosea mara moja, kosa ambalo hapendi kukumbushwa.

“Nipe ulichonacho,” alisema.

Bosi alikuwa amejiandaa. Alisimama, akafunga kifungo cha koti. Nyuma yake ukutani palining'inia cheti kikubwa chenye fremu ya dhahabu: alihudhuria semina ya siku tatu ya uongozi. Bi Kwanini alisoma tarehe yake kwa sababu yeye husoma kila kitu kilichoandikwa, hata karatasi za kufungia maandazi. Ilikuwa ya wiki saba zilizopita.

“Moja,” alisema Bosi. “Mwezi uliopita Fundi Mkuu alikwenda likizo ya wiki nzima. Wiki hiyo haikufa plagi hata moja. Hata moja! Jumatatu aliyorudi zikafa tano. Mbili: ana mshirika. Kuna dereva wa lori namba tisa, wenzake wanamwita Goigoi. Malori yangu kumi na mawili, kumi na moja yameguswa, la Goigoi zima. Sasa najiuliza, kwa nini?”

“Hilo ni swali langu,” alisema Bi Kwanini, akaona vibaya kidogo. Lakini moyoni alikiri kwamba ushahidi ule ulikuwa na uzito. Amewahi kupeleka watu mahakamani na pungufu ya hapo, na wakafungwa.

Gereji ilikuwa nyuma ya ofisi, ng'ambo ya ukuta mrefu wa matofali. Fundi Mkuu alikuwa mtu mrefu, mwembamba, ana miwani iliyofungwa kwa uzi na ovaroli iliyopigwa pasi mpaka mistari inaonekana. Alimkaribisha kwa heshima, akamfutia benchi, kisha akarudi kusimama kando kama mtu anayengoja daktari amwambie ukweli.

Juu ya meza ya kazi plagi zilizokufa zilipangwa kwenye gazeti. Kila moja ilifungwa kipande cha karatasi: namba ya lori, silinda, tarehe. Bi Kwanini alizitazama kwa muda. Katika maisha yake yote hajakutana na mharibifu anayewekea uharibifu wake lebo.

“Nifundishe,” alisema. “Ongea nami kama mtu asiyejua kitu, maana ndivyo nilivyo.”

Fundi aliokota plagi moja, nyembamba kama penseli. “Hii ni hita plagi, mama. Gari lako la petroli linawashwa kwa cheche. Dizeli haina cheche. Inabana hewa mpaka inapata moto, dizeli inapulizwa humo, inawaka yenyewe. Sasa asubuhi za huku unazijua. Chuma kimeganda, kinanyonya joto lote. Ndiyo maana kila silinda ina plagi yake. Ukiipa umeme, ncha hii inakuwa nyekundu, inapasha chumba. Ukipiga stata, injini inaitika.”

“Na ikiwa imekufa?”

“Unapiga stata mpaka betri inalia. Unapata moshi mweupe na matusi ya dereva.”

Alichukua mita yake, akagusisha waya mmoja kwenye ncha ya juu ya plagi na mwingine kwenye mwili wake. Sindano ya mita haikutikisika. Kisha akatoa plagi mpya kwenye boksi, akafanya vile vile. Sindano ikaruka.

“Hii umeme unapita, ni nzima. Ile njia imekatika ndani. Sina la kubahatisha hapo.”

Bi Kwanini aliziweka mbili zile pamoja kwenye kiganja. Plagi mpya ilikuwa na ncha nyoofu. Ile nyingine ncha yake ilikuwa imenenepa na kupasuka pembeni. “Kwa nini hii imevimba?”

Fundi alimtazama upya. Inaonekana hakutegemea swali hilo kutoka kwa mtu wa petroli. “Plagi inaweza kufa kwa uzee. Hiyo inakatika kimya kimya, kwa nje huoni kitu. Nyingine inakufa kwa moto uliozidi. Hiyo ndiyo inavimba.”

“Kati ya hizi, za uzee ni ngapi?”

“Mbili.”

Bi Kwanini alifungua daftari, akafuta arobaini na tatu, akaandika arobaini na moja. Alijisikia vizuri. Kesi hupungua hivyo hivyo, kidogo kidogo.

“Pengine ni plagi bandia.”

“Nilidhani hivyo na mimi. Lakini boksi ni hili hili. Namba tisa ya Goigoi nimeiwekea za boksi hili hili mwaka jana, zote sita ziko hai.”

“Pengine umeme mwingi mno.”

“Malori ni ya volti ishirini na nne, na plagi ni za ishirini na nne. Nimepima moja moja.”

“Na nini kinachoukata umeme plagi zikishapata moto?”

Hapo Fundi Mkuu alivua miwani, akaanza kuifuta kwa kitambaa kilichokuwa kichafu kuliko miwani yenyewe. “Zamani kulikuwa na kifaa cha kiwandani, kinakata chenyewe. Malori haya ni ya kale, vifaa vile vilikufa vyote na vipya havipatikani. Nikawawekea kitufe chini ya usukani. Dereva anabonyeza, anahesabu mpaka ishirini, anaachia, anapiga stata. Miaka kumi na moja sasa. Plagi nane kwa mwaka, tisa zikizidi.”

“Madereva bado wanahesabu ishirini?”

“Nimemuuliza kila mmoja. Wote wanaapa.”

“Basi ni vitufe. Vimekwama.”

“Nimevifungua vyote kumi na viwili, mama. Viko safi. Nikavifungua tena. Sijaona kitu. Miaka thelathini na mbili nafanya kazi hii, na kitu kinaunguza plagi zangu, na mimi sikioni.”

“Unajua Bosi anasema wewe ndiye mharibifu? Kwamba unaziua makusudi?”

“Najua.”

“Kwa nini hujitetei?”

“Nikijitetea nitasema nini? Nikisema si makusudi, maana yake ni kazi yangu mbovu. Vitufe ni vyangu. Nyaya ni zangu.” Alivaa miwani tena, ikakaa upande. “Bora niitwe mharibifu. Mharibifu angalau ana akili.”

Bi Kwanini alikuwa ameshasikia watu wakikana makosa yao kwa kila njia iliyopo duniani. Huyu alikuwa wa kwanza kukubali kosa baya ili kukwepa dogo. Alimwonea huruma, na akajionya papo hapo, maana huruma imewahi kumponza.

Alimkuta Goigoi ameketi juu ya tairi uani, anakunywa chai kwa starehe zote. Alikuwa mtu mnene, mpole wa sura, na kichwani alivaa kofia ya manjano iliyoandikwa kwa herufi kubwa NAJITAHIDI.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Hiyo kofia ya nini?”

“Ya adhabu. Asubuhi Bosi akipuliza kipenga, malori yote yanatakiwa kuwaka kwa mpigo mmoja. Timu moja, sauti moja. Atakayechelewa anavaa hii siku nzima.”

“Ilianza lini?”

“Alipotoka semina.”

“Na unavaa mara nyingi?”

“Tangu wiki ya kwanza sijaivua. Wenzangu wanaiogopa, wanaona aibu mbele ya wapakiaji. Mimi naona inazuia jua.”

Bi Kwanini aliketi kwenye tairi la pili. “Lori lako halijafa plagi. Kwa nini?”

“Sijui, mama.”

“Fundi anakupendelea?”

“Fundi? Jana kanifokea kwa sababu ya tope kwenye ngazi.”

“Unafanya nini asubuhi wasichofanya wenzako?”

Goigoi aliwaza kwa haki kabisa, akanywa funda moja, akawaza tena. “Nachelewa,” alisema.

“Kila siku?”

“Kila siku ya Mungu. Nikifika wenzangu wameshawasha, wengine wameshatoka. Napanda, nabonyeza kitufe, nahesabu ishirini, naachia, napiga stata. Linawaka. Navaa kofia yangu, naondoka.”

Bi Kwanini aliandika neno moja: anachelewa. Alilizungushia duara. Katika orodha ndefu ya mbinu za uhalifu alizowahi kuziona, uvivu haukuwamo, lakini hakuweza kuliacha neno hilo.

Kituo chake cha mwisho siku hiyo kilikuwa kwa Karani, mama mwenye kalamu mbili kwenye nywele na sura ya mtu aliyechoka kusikiliza.

“Hiyo barua ya Fundi niliichapa mara tatu,” alisema kabla hajaulizwa. “Ya kwanza ilikuwa kurasa saba. Nikamwambia Bosi, barua ya kumfukuza mtu haiwekwi utangulizi.”

“Naomba kitabu cha mahudhurio. Ile wiki ya likizo ya Fundi.”

Karani alikifungua. Jina la Fundi Mkuu lilikuwa na mistari mitupu, Jumatatu mpaka Jumamosi. Bi Kwanini alishusha kidole polepole kwenye ukurasa, kikapita madereva, kikampita mlinzi, kikafika chini kabisa, kikasimama.

“Na Bosi naye hakuwepo?”

“Angekuwepo vipi? Wiki ile Fundi alikuwa anamwoza binti yake. Bosi ni mjomba wa bibi harusi. Walikwenda gari moja, wakarudi gari moja.”

“Kwa hiyo wiki ambayo haikufa plagi, Fundi hakuwepo, na Bosi hakuwepo.”

Karani aliinuka, akafunga mlango, akarudi kukaa. “Mama, mimi hilo sijalisema.”

“Hujalisema. Nimelisoma. Wiki ile asubuhi mlikuwa mnafanyaje?”

“Vizuri sana. Watu walikuja, wakawasha, wakaenda.”

Asubuhi iliyofuata, saa kumi na mbili na nusu, baridi ilikuwa ya kuuma masikio. Malori yote kumi na mawili yalikuwa yamejipanga uani, ubavu kwa ubavu. Nafasi ya namba tisa ilikuwa na lori lakini haina dereva. Bosi alisimama juu ya kreti mbele yao, kipenga shingoni, kipaza sauti mkononi. Ng'ambo ya ukuta wa gereji mashine ya Fundi ya kujazia tairi upepo ilikuwa inanguruma, na yeye huko asingeweza kusikia hata radi.

Bi Kwanini alikuwa ameomba kukaa ndani ya lori namba tatu. Alilichagua kwa lebo: namba tatu peke yake ilikuwa imeua plagi nane. Dereva wake alikuwa mwanamume mfupi mwenye shati lililofungwa mpaka kifungo cha shingo, mtu ambaye ukimwambia kaa chini anauliza upande gani.

“Ndugu zangu madereva!” kipaza sauti kilikoroma. “Safari ni maisha, na maisha ni usukani, na usukani ni nini? Usukani ni maamuzi!”

Bi Kwanini alitazama saa. Alitazama mikono ya dereva. Ilikuwa imetulia mapajani.

Bosi alizungumza kuhusu maamuzi. Alizungumza kuhusu kioo cha nyuma, ambacho kumbe ni historia. Zikapita dakika kumi.

“Na mwisho kabisa...” alisema Bosi.

Mkono wa dereva uliruka. Kidole gumba kilitua kwenye kitufe chini ya usukani, na midomo yake ikaanza kwenda. “Moja, mbili, tatu...” Bi Kwanini aliangalia nje kulia na kushoto. Kwenye kila dirisha bega la dereva lilikuwa limeinama mbele, na midomo inacheza.

“...kumi na tisa, ishirini,” alimaliza dereva.

“...na tukisema umoja,” aliendelea Bosi, “hatuna maana ya umoja wa mdomo. Nitatoa mfano wa nyuki.”

Kidole hakikutoka.

“Umefika ishirini,” alinong'ona Bi Kwanini. “Kwa nini huachii?”

“Nikiachia plagi inapoa, mama. Baridi hii inapoa mara moja. Kipenga kikilia nami niko baridi, nimeshavaa kofia.”

“Na mwisho kabisa, ndugu zangu...”

“Moja, mbili, tatu,” alianza upya dereva kwa bidii ile ile.

Bi Kwanini hakumgusa. Miaka ishirini na sita ilimfundisha kutomkatiza mtu anayefanya kosa kwa moyo safi. Alitoa kalamu na kuhesabu kwa vijiti. Bosi alimaliza nyuki, akasema na mwisho kabisa. Alimkumbuka marehemu baba yake, akasema na sasa mwisho kabisa. Alisema nimalizie kwa kusema, halafu hakumalizia. Kila mara dereva alirudi kwenye moja, na kila mara kidole kilibaki pale pale. Vijiti vilifika tisa. Toka cha kwanza mpaka kipenga zilikuwa dakika sita na nusu.

Kipenga kililia. Malori tisa yalinguruma kwa mpigo mmoja, na Bosi akafumba macho kwa raha. Namba tano na namba tatu yalitoa moshi mweupe. Dereva alipiga stata tena na tena, kisha akaegemeza paji la uso kwenye usukani.

“Nimehesabu ishirini,” alisema, karibu alie. “Haki ya Mungu, mama, umeniona. Nimehesabu ishirini!”

“Nimekuona, baba. Umehesabu ishirini mara tisa.”

Wakati huo huo Goigoi aliingia getini anapiga miayo. Alipanda lori lake, akabonyeza, akahesabu, akaachia, akawasha. Alimpungia mkono Bi Kwanini, akavaa kofia yake, akatoka.

Saa tatu na nusu Bosi aliitwa gereji. Bi Kwanini alimwomba aje na kipaza sauti na ile hotuba ya asubuhi, kwa ajili ya uchunguzi, na Bosi hakuuliza uchunguzi gani. Alipokea ombi hilo kama mtu aliyekuwa akilingoja maisha yake yote. Kwenye mfuko wa ndani wa koti lake bahasha nyeupe ilikuwa inachungulia.

Fundi Mkuu alikuwa amebana plagi mbili mpya kwenye jiliwa la meza ya kazi na kuunga nyaya kwenye betri za lori, kama alivyoelekezwa. Hakuambiwa ni za nini. Karani alisimama mlangoni, na dereva wa namba tatu kando yake, amevaa kofia ya manjano ya akiba. Kumbe zilikuwepo za akiba.

“Plagi ya kwanza,” alisema Bi Kwanini. “Fundi, ipe umeme. Baba wa namba tatu, tuhesabie.”

Ncha ikawa nyekundu iliyofifia, kisha nyekundu ya kweli. Dereva alipofika ishirini, Fundi akaondoa waya. Plagi ikarudi rangi yake. Alipoipima, sindano iliruka.

“Iko hai,” alisema Fundi.

“Ya pili. Bosi, tuanzie kwenye nyuki. Na kila ukifika penye ‘na mwisho kabisa’, usiruke.”

Bosi alikohoa, akainua kipaza sauti, ingawa wote walikuwa umbali wa kunusiana. “Na mwisho kabisa!”

“Umeme,” alisema Bi Kwanini.

Bosi aliwaeleza kuhusu nyuki. Ncha ya plagi ikawa nyekundu, kisha rangi ya chungwa. Akasema na mwisho kabisa kwa mara ya pili, na ncha ikawa ya njano, ikaanza kunenepa mbele ya macho yao. Dereva wa namba tatu alikuwa ameacha kuhesabu. Kinywa chake kilikuwa wazi. Fundi Mkuu alisogea, akainama, pua karibu iguse moto.

“Na sasa mwisho kabisa,” alisema Bosi, “marehemu baba yangu, aliyeanza na baiskeli...”

Plagi ilitoa sauti ndogo, ikapasuka pembeni, ikazima. Bosi alisoma mistari minne zaidi kuhusu baiskeli kabla hajainua macho.

“Kwa nini hamnisikilizi?”

“Imekufa, Bosi,” alisema Bi Kwanini. “Kwenye ‘na mwisho’ ya tatu tu. Zilikuwa zimebaki sita.”

Alimweleza polepole, kwa mpangilio, kama alivyokuwa akieleza mahakamani. Madereva wanaogopa kofia, kwa hiyo wanataka plagi ziwe moto wakati kipenga kinalia. Hawajui kitalia lini. Wanachojua ni kwamba hotuba ya mtu ikifika ‘na mwisho’, imefika mwisho. Wanabonyeza. Haijafika. Wanahesabu upya bila kuachia. Ndani ya injini chuma baridi kinanyonya joto, ndiyo maana huko plagi hazifi zote siku moja kama hii ya mezani. Goigoi anazikuta hotuba zimekwisha, kwa hiyo plagi zake zinaishi. Na wiki ya harusi hapakuwa na mtu wa kuhutubia.

“Hiyo plagi ni mbovu,” alisema Bosi.

Fundi alibana nyingine.

“Na safari hii nasoma haraka,” Bosi alionya.

Alisoma mbio mbio, maneno yakikanyagana, nyuki na umoja na baiskeli vyote kwa pumzi moja. Lakini ‘na mwisho’ zake zilikuwa tisa zile zile, na mbio hazikumfikisha mbali. Alipofika ya tano, ikapasuka.

“Niweke nyingine?” aliuliza Fundi.

“Acha,” alisema Bosi kwa sauti ndogo. “Zitaisha.”

Fundi Mkuu aliokota plagi iliyokufa kwa koleo, akaigeuza kwenye mwanga. Ilikuwa imevimba na kupasuka vile vile kama zile arobaini na moja. Akaketi kwenye kisanduku cha spana, taratibu, na machozi yakamtoka bila kujificha.

“Kwa hiyo vitufe vyangu vizima,” alisema.

“Vizima, Fundi.”

“Na nyaya?”

“Nyaya nzima. Mikono mizima. Kazi yako haina kosa hata moja.”

Akacheka huku analia, na Karani naye akaanza kulia, kisha dereva wa namba tatu, ambaye alikuwa na sababu zake. Bi Kwanini aliandika kwenye daftari: mharibifu hakuna. Alitazama dirishani muda mrefu kuliko ilivyohitajika, maana na yeye macho yalikuwa yanamwasha, akasingizia moshi.

Bosi alibaki amesimama katikati ya gereji. Alitazama karatasi za hotuba, akatazama zile plagi zenye lebo kwenye gazeti, moja baada ya nyingine, tarehe baada ya tarehe. Alitoa ile bahasha, akaichana mara mbili, akakosa pa kutupa vipande, akavirudisha mfukoni. Kisha akaweka kipaza sauti mezani, akafunga kifungo cha koti, akavuta pumzi ndefu.

Karani alivuta kiti akakaa. Dereva wa namba tatu aliegemea ukuta. Bi Kwanini alitazama saa yake.

“Shemeji,” alisema Bosi. “Nimekukosea. Nisamehe.”

Wakangoja. Midomo ya Bosi ilitikisika, ikataka kuendelea, akaifunga. Hakuongeza neno.

Fundi Mkuu alifuta uso kwa mkono wa ovaroli, akainuka, akachukua plagi sita mpya kwenye boksi na spana yake.

“Nimekusikia,” alisema. “Sasa sogea kidogo, unanizibia mwanga.”